Maji ya Kumwoshea Bi Mize

Hapo zamani, na msinikodolee macho mkiniuliza zamani ipi, maana simu za kioo zilikuwepo na watu walikwisha kuzizoea, palikuwa na mji uitwao Chumvini. Wanaume wa mji huo walivuna chumvi, wanawake waliifungasha, na wote walikufa kama wanavyokufa watu wa miji mingine. Hadithi yangu ni ya kufa. Anayetaka ya sungura na fisi aende nyumba ya pili, mimi leo sina.

Chumvini palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Mize. Akifa mwanamke, Bi Mize ndiye aliyeitwa kumwosha. Alikuja na kata yake ya kuchotea maji, majani yake ya mkunazi na kafuri yake, akafunga mlango, akaosha, akavisha sanda, akatoka. Hakuchukua hata kipande cha sabuni. Ukimpa ujira alikurudishia mkononi akisema, "Nikizoea kulipwa, maskini ataoshwa na nani?" Na aliyoyaona chumbani hakuyasema nje. Kama marehemu alikuwa na kovu, kovu lilikwenda naye kaburini.

Basi Bi Mize akazeeka, magoti yakakataa kukunjika. Akasema, "Mwosha huoshwa. Mimi nitaoshwa na nani?" Akafungua darasa la kujitolea. Mwalimu halipwi, mwanafunzi halipi. Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri wanawake walikusanyika ukumbini kwake. Maiti wa kujifunzia hawakuwa naye, Mungu apishe mbali, basi walikata mgomba, wakaulaza juu ya kitanda cha kamba, wakaufunika shuka, wakaupa jina la Mgeni. Mgeni akaoshwa, Mgeni akafutwa, Mgeni akavishwa kanga kuukuu mahali pa sanda.

Bi Mize hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikushika kifundo cha mkono akakuongoza. "Polepole," alisema. "Maiti hana sauti, lakini ana haya." Hata kuikunja sanda alifundisha hivyo hivyo, mkono wake juu ya mkono wako. "Upande huu kwanza. Halafu huu uje juu." Basi. Mwenye mkono ameelewa.

Mgeni akisha kuvishwa, binti yake Bi Mize, jina lake Mwanakheri, alileta chai na vitumbua. Hapo ndipo darasa lilipochangamka. Wanawake walitaniana, walisemana, walicheka mpaka waume zao barazani wakauliza huko ndani wanafundishwa kuosha maiti au kucheza ngoma. Mwanakheri mwenyewe hakujifunza. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na moshi wa ubani tu ulimlaza siku nzima. Yeye kazi yake ilikuwa chai.

Sasa nisikilizeni. Nina wanawake watatu wa kuwaonyesha, na mwisho nitawaomba jambo.

Wa kwanza ni Siwatu. Siwatu alikuwa mjane, hakubahatika mtoto, nyumba yake ilikuwa kimya hata panya waliihama. Hakukosa Alhamisi hata moja. Siku alipoosha maiti wake wa kwanza, Bi Mize aliweka mkono wake juu ya wa Siwatu, wakaosha pamoja mikono miwili kama mmoja. Walipotoka walikaa jikoni na wenzao, wakanywa chai, wakamlilia marehemu pamoja. Tangu siku hiyo Siwatu akawa mwosha hasa. Mwepesi, mpole, hakukosea. Watu walisema, Bi Mize akiondoka, Siwatu yupo.

Likaja gonjwa la kifua. Likapita Chumvini mlango kwa mlango. Ikatoka amri watu wasikusanyike, hata misibani, na maiti aoshwe na mtu mmoja tu, aliyevaa vazi la kinga analoletewa na Bwana Afya, likishatumika lichomwe moto. Darasa la Alhamisi likafa. Mgeni akaozea uani, kuku wakamchakura.

Hapo ndipo anapoingia wa pili, Tausi. Tausi alikuwa jirani, kijana, ameolewa nyumba ya ukuta mmoja na Bi Mize. Naye alikuwa mwoga wa maiti. Mwoga kwelikweli, wa kupita mbali na nyumba yenye msiba. Lakini simu aliijua. Akamwambia Bi Mize, "Bibi, kama watu hawawezi kulijia darasa, darasa liwafuate." Akakata mgomba mpya, akaegemeza simu kwenye mtungi. Bi Mize akataka ajione anavyofanya, ahakikishe kichwa cha Mgeni hakijabaki nje ya picha. Basi Tausi akaigeuza simu itumie jicho la mbele, lile la kujipigia picha mwenyewe, Bi Mize akawa anajitazama. Akaosha, akafuta, akakunja sanda. "Upande huu kwanza," akaiambia simu. "Halafu huu uje juu."

Video zikaenda. Zilikwenda Chumvini, zikavuka kwenda miji mingine, wanawake wasiomjua Bi Mize wakaleta mioyo na maua na dua. Waliotazama walikuwa wengi mno. Waliokuja kuosha walikuwa wachache, lakini ni mji gani usio hivyo?

Wa tatu ni Arafa. Huyu alikaa mwisho wa mji, kwenye mashimo ya chumvi. Mume wake alikuwa amepooza nusu ya mwili, na Arafa ndiye mikono na miguu yake. Miaka yote ya darasa alilisikia kwa watu tu. Alhamisi kwake ilikuwa kumgeuza mume, kumlisha mume, kumfulia mume. Darasa lilipoingia simuni, likaingia na jikoni kwa Arafa. Alikunja godoro akalifanya Mgeni wake, akatazama, akarudia, akatazama tena. Alipokwama alimtumia Bi Mize sauti, na Bi Mize alimjibu kwa sauti, na kila jibu lilianza hivi: "Mwanangu Arafa, umeshindaje?" Nawaambia kweli, nyumba ile hakuna mtu mwingine aliyemuuliza Arafa ameshindaje.

Walijuana hivyo, sauti kwa sauti. Hawakuwahi kukutana.

Likatokea la kutokea. Akafa Binti Hemedi, mkaanga samaki. Bi Mize mwenyewe hakuweza tena kusimama. Akampigia Siwatu. Simu ikalia, ikalia, ikakatika. Akampigia tena. Haikupokelewa. Akamtuma Tausi mlangoni, Tausi akabisha hodi mpaka majirani wakatoka. Siwatu alikuwemo ndani. Tausi aliliona pazia likitikisika. Mlango haukufunguliwa.

Binti Hemedi akabaki bila kuoshwa, joto la mchana linapanda, wanawe wanalia dirishani. Mwisho Arafa akatuma sauti: "Bibi, mimi sijagusa maiti maishani mwangu. Lakini nakuja." Akamwomba shemeji yake akae na mgonjwa, akatembea tangu mashimo ya chumvi mpaka mjini. Akavaa vazi, akaingia peke yake. Picha ya maiti haipigwi, basi simu aliiweka kifudifudi juu ya dirisha, ikasikia tu. Na Bi Mize, kitandani kwake, alisikiliza maji. "Unamimina kwa haraka, mwanangu. Punguza. Hivyo. Hivyo."

Arafa akamwosha Binti Hemedi, akamvisha, akatoka, akakaa nje ya mlango. Hapakuwa na chai. Hapakuwa na mtu wa kumshika bega, maana watu walikaa mbali. Akatembea kurudi kwa mume wake. Kila mwanamke aliyekufa baada ya hapo, Arafa alikuja, akaosha peke yake, akarudi peke yake.

Gonjwa likamfikia Bi Mize. Tausi, mwoga yule, ndiye aliyekaa naye. Alimlisha uji, alimfuta jasho, alimsomea salamu za wanawake wa miji ya mbali. Mwanakheri alisimama mlangoni tu, kwa ajili ya pumu yake. Na Bi Mize alipoona pumzi zinakwisha, alimtazama binti yake akasema, "Anioshe mwanafunzi wangu."

Mwanakheri akauliza, "Yupi, mama?"

Mama hakujibu. Alikuwa ameshakwenda.

Habari za kifo hazihitaji mjumbe. Mwanakheri akawasha moto, akateka maji, akayatia majani ya mkunazi. Bwana Afya akaja na vazi. "Poleni sana," akasema. "Vazi ni hili moja. Mtu mmoja aingie. Wewe, dada, na kifua hicho, usithubutu. Na azikwe leo." Maji yakawa vuguvugu, kama inavyotakiwa. Mwanakheri akayasogeza mlangoni, akashika vazi mkononi, akageuka.

Uani walikuwa wamesimama wanawake watatu, kila mmoja mbali na mwenzake.

Siwatu akasema, "Nipe vazi hilo, mwanangu. Mikono hii unayoiona ni ya mama yako. Yeye aliitengeneza. Tulioshikwa mkono naye akiwa kazini tulikuwa wachache, na wenzangu gonjwa limewachukua, nimebaki mimi. Akioshwa na mimi, ni kama kajiosha mwenyewe."

Mwanakheri akamwambia, "Bi Siwatu, mama alikupigia simu siku ya Binti Hemedi. Nilikuwapo. Alikupigia mpaka akalia."

Siwatu akainama. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa kavu, "Nilisikia. Mwanangu, mimi sikuwahi kuosha peke yangu. Nilipokuwa nikiosha, nilijua kuna wenzangu jikoni, kuna kikombe changu, kuna Alhamisi inayokuja. Alhamisi ilipokufa, na mimi nilikufa kidogo. Wakaniambia tazama simuni. Nikatazama. Nikamwona mama yako anaufundisha ulimwengu mzima, wanampa maua watu asiowajua. Nikasema, haya, ana wengi sasa. Nikaizima simu. Kumwosha mtu halafu nirudi kwenye nyumba ile, bila neno na mtu, sikuweza. Nilikosa. Lakini kukosa huko hakukuniondolea ninachokijua."

Ndivyo alivyosema Siwatu. Maji yakapoa, Mwanakheri akayarudisha jikoni.

Arafa akasema, "Dada, mimi sina mengi. Yeye alipoita, wengine walifunga milango, mimi nilitoka mwisho wa mji. Nimewaosha mama zenu na dada zenu, wala sikungoja chai. Sikuwa na mkono juu ya mkono wangu. Nilikuwa na sauti, ikanitosha." Akautazama mlango. "Na sijapata kumwona mama yako. Sijui urefu wake. Aliniita mwanangu, na mimi sijawahi kumshika hata kidole. Leo ndiyo siku pekee iliyobaki. Nipeni nimshike."

Hata Bwana Afya aligeuza uso akatazama ukuta.

Tausi naye akasema, "Nami nina neno. Nyinyi nyote mnasema simu, simu. Simu ilikuwa mimi. Arafa, ulichojifunza umekipata mkononi mwangu. Wanawake wa miji ya mbali walioshwa kwa sababu mimi nilichuchumaa nyuma ya mtungi, mbu wananila, nikihofia hata huo mgomba. Sijaosha maiti, kweli. Lakini masomo yote yale nilikuwapo kwa macho yangu, na jioni niliyatazama tena simuni. Na alipougua, nyinyi mlikuwa wapi? Nilimfuta jasho mimi. Nilimfumba macho mimi. Dada Mwanakheri, umeniona. Nilikuwa mwoga wa maiti, na maiti wa kwanza niliyemgusa ni yeye, na sikukimbia. Niache nimalizie."

"Kumfuta jasho si kumwosha," akasema Siwatu.

"Kufunga mlango ndiko kuosha?" akajibu Tausi.

Mwanakheri akasema, "Jamani, mama yangu amelala ndani. Msimpigie kelele." Maji yakapoa mara ya pili, yakarudi tena jikoni.

Hapo Siwatu akavua kanga yake ya juu, akaitandaza juu ya mkeka. Akamwambia Arafa, si kwa ubaya, "Mwenzangu, uoshaji wako nimeusikia ukisifiwa. Nionyeshe unavyofunga sanda."

Arafa akapiga magoti. Akakunja upande mmoja, akaleta wa pili juu, akaulainisha kwa kiganja. Alikunja vizuri, kwa upole, bila kasi.

Siwatu akatazama. Uso ukambadilika. "Upande wa kushoto umeuweka juu," akasema. "Wa kulia ndio huja juu. Kushoto hutangulia."

"Sivyo," akasema Arafa. "Nimemtazama Bibi mara nyingi mno. Upande huu kwanza, halafu huu."

Tausi akatoa simu, akafungua video, wakainama vichwa vitatu. Humo Bi Mize alikuwa hai, ameinama juu ya Mgeni, anakunja. Na ni kweli, humo simuni, upande wa kushoto ulikuja juu. Siwatu akasema, "Haiwezekani. Mama huyu alinishika mkono." Wakatazama tena. Ndipo Tausi alipoona kwamba Bi Mize, katika video ile, alishika kata kwa mkono wa kushoto, na Bi Mize maisha yake yote alishika kata kwa wa kulia.

Lile jicho la mbele la simu hufanya kama kioo cha kujitazamia. Kulia huwa kushoto. Kushoto huwa kulia. Na Bi Mize, aliyezoea kufundisha kwa kushika, hakuwahi kutaja kulia wala kushoto. Alisema huu, halafu huu.

Tausi akaiweka simu chini kama vile imemuunguza.

Sheikh wa mji, aliyekuwa akingoja nje, akaulizwa kupitia upenuni. Akasema, "Haiharibu kitu. Mazishi yao ni sahihi, na Mwenyezi Mungu anajua nia." Maneno mazuri hayo. Lakini Arafa alikuwa amekaa chini, anawataja kwa sauti ndogo, mmoja mmoja, Binti Hemedi na wote waliomfuata, wanawake aliowafunga kinyume wakalala hivyo chini ya udongo. Hakuna wa kuwafungua.

"Ungekuwepo," akamwambia Siwatu, "ungenisahihisha siku ya kwanza."

Siwatu akaitazama kanga yake pale mkekani.

"Ungejaribu mwenyewe hata mara moja," Siwatu naye akamwambia Tausi, "kushika nguo kwa mkono wako badala ya kushika simu, ungegundua."

Tausi akaigeuza simu kifudifudi.

Na Arafa? Arafa aliinua uso akamwambia Mwanakheri, "Sasa nimejua. Kulia juu. Sitakosea tena. Dada, usininyime kwa kosa ambalo sikuliona." Lakini aliishika tena kanga, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, na kila mtu uani aliona.

Siwatu akanyoosha mikono yake kulipokea vazi. Tausi akasimama karibu na mlango, ule ule aliokuwa akiuingia siku zote za ugonjwa, hakusogea.

Wanaume wamekwisha kuja na jeneza, wamelishusha nje. Kaburi limechimbwa. Jua linainama. Mwanakheri ameshika vazi moja, mbele yake wapo watatu, nyuma yake yuko mama yake aliyesema "mwanafunzi wangu" asiseme yupi. Hawezi kumuuliza. Hawezi kuingia mwenyewe. Akikosea, hakuna kurudia, maana mtu huoshwa kwa safari yake ya mwisho mara moja tu.

Mimi nimefikia hapa na ulimi wangu umegoma. Nimeisimulia hadithi hii kwa watu wengi wakagombana, wakaondoka bila kuniaga. Walionisikiliza ana kwa ana walimtaka Siwatu. Wengine, walionisikia kwa simu maana hawatoki majumbani mwao kwa sababu wanazozijua, walimlilia Arafa. Na palikuwa na binti mmoja aliyemtetea Tausi mpaka machozi, asiniambie kwa nini.

Basi na nyinyi mliokaa hapa, semeni. Siwatu aliyeshikwa mkono akajua kazi, kisha moyo ukamtoka wenzake walipotawanyika? Arafa aliyekuja peke yake kila alipoitwa, na hakuna aliyewahi kumshika mkono? Au Tausi aliyelibeba darasa likafika kwa walio mbali, likafika limepinduka, lakini mwalimu akafia mikononi mwake?

Je, nani alistahili kuitwa mwanafunzi wa Bi Mize? Msinitazame mimi. Mwanakheri ameshika vazi, anangoja, na maji yanapoa. Nani aingie?